Kata Neno Penye Mshono

(Nilizungumza na wazazi wa gredi ya tatu hadi ya sita, Nairobi, katika wiki ya Siku ya Kiswahili Duniani. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani.)

Mwenyekiti wetu, walimu, wazazi wenzangu, hamjambo? Nimesikia "hatujambo" ya upande huu tu. Upande wa madirishani bado wako na chai, tuwape muda.

Mimi si mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, nimeshona tangu nikiwa msichana kule Likoni, Mombasa, na hapa Nairobi nina meza yangu na mashine mbili. Nimeombwa niwaeleze jinsi ninavyomfundisha binti yangu sarufi nyumbani kwa kadi za kukatakata, na aliyeniomba amenionya nisipitishe dakika ishirini. Basi salamu zimekwisha.

Mwaka jana binti yangu aliingia jikoni akaniambia, "Mama, kitabu yangu mpya imepotea." Mtu wa Likoni akisikia hivyo ni kama kujidunga sindano kidoleni. Nikamwambia, "Sema kitabu changu kipya kimepotea." Akasema vizuri kabisa, neno kwa neno. Akatoka. Baada ya dakika tano nikasikia kutoka chumbani, kwa furaha kubwa: "Mama! Nimepata kitabu yangu!"

Changu yangu ilidumu dakika tano.

Sasa kabla hatujawacheka watoto wa Nairobi, niwaombe muwasikilize vizuri. Mtoto huyu anasema kitabu yangu, gari yangu, mti yangu, kiatu yangu. Lakini hamtamsikia akisema "mwalimu imekuja". Atasema mwalimu amekuja. Maana yake keshatenga vyenye uhai na visivyo na uhai, na vile visivyo na uhai amevitia vyote gunia moja, ngeli ya I-ZI, yaani kundi la nomino kama nyumba. Huo ni mpangilio. Hakufundishwa na mtu, ameuokota barabarani, kwenye basi la shule na uwanjani. Kwa hiyo mimi simwambii kwamba hana sarufi. Anayo moja, nami nataka awe na mbili, na ajue ya pili ni ya kuvaliwa wapi.

Kumsahihisha kwa mdomo kulishindwa. Nikaenda kwenye intaneti, nikapata kadi za sarufi za mtindo wa Montessori. Wengine mnamjua huyu mama, Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Rome, tarehe 6 Januari 1907. Alitaka mtoto ashike kwa mkono kile anachojifunza, hata herufi azipapase kwenye karatasi ya msasa. Katika mtindo wake nomino ina pembetatu nyeusi, kivumishi pembetatu ya buluu, kitenzi duara jekundu. Mtoto anapanga maneno, kisha juu ya kila neno anaweka umbo lake. Nikachapisha, nikakata, nikatafsiri maneno yote jioni moja nikajiona nimemaliza.

Binti yangu akapanga: KITABU. ZURI. ANGUKA. Akaweka pembetatu nyeusi, pembetatu ya buluu, duara jekundu. Kila umbo lilikuwa mahali pake, na sentensi ilikuwa ya mtu aliyeteremka kwenye meli leo asubuhi. Halafu akainua pembetatu moja ndogo, buluu iliyopauka, akaniuliza ni ya nini. Ni ya vile vineno vinavyotangulia nomino katika Kiingereza na Kiitaliano. Sisi hatuna. Ile pembetatu ilikwenda kuwa paa la nyumba ya mwanasesere.

Nilikaa na lile jambo wiki nzima, nikishona. Nikaja kuliona nilipokuwa nafumua gauni la mteja. Fundi hafumui nguo popote mkasi unapoangukia, anatafuta mshono. Kadi zile zilikatwa kwenye mishono ya lugha nyingine. Katika lugha ile mshono uko kati ya neno na neno. Katika Kiswahili mshono uko ndani ya neno. Chukueni "hatukukiona". Neno moja. Ndani yake kuna kukana, kuna sisi, kuna wakati uliopita, kuna kile kitu, na kuna tendo lenyewe. Ukiweka duara moja jekundu juu yake umemwonyesha mtoto paa la nyumba, vyumba hajaviona. Kwa hiyo nikakata: HA, TU, KU, KI, ON, A. Vipande sita. Haya ndiyo niliyokuja kuyasema leo; mengine yote ni namna ya kukata.

Vifaa: karatasi ya manila, na bei yake haifiki nauli ya matatu. Boksi la nafaka likiisha msilitupe, ni gumu zaidi. Kalamu za felti, mkasi, selotepu pana ya kufunika juu ili chai ikimwagika isiwe msiba. Nomino zimekatwa mara mbili, kichwa na kiwiliwili: KI na TABU, M na TI, WA na TU. Kila ngeli ina rangi. KI-VI kwangu ni kijani, A-WA nyekundu, I-ZI manjano, LI-YA zambarau, na kadhalika. Mnaweza kuchagua nyingine, ila mkishachagua msibadilishe.

Jioni ya kwanza na kadi mpya nilimwachia aandike sentensi yake mwenyewe, ile ya kitabu. Akaweka KI ya kijani na TABU. Kisha Y ya manjano na ANGU. Kisha I ya manjano, ME, POTE, A. Sikusema kitu. Nikaenda kuzima jiko. Niliporudi alikuwa ameikunjia uso meza. "Mama, rangi zimekatika." Nikamwambia, hebu zishone basi. Akaondoa manjano, akaleta kijani: KI-TABU, KI-ANGU… akasita. Akaisoma kwa sauti. Kiangu. Akacheka. Nikamwambia ageuze ile kadi, kwa sababu nyuma ya kila KI nimeandika CH. Changu. Kisha akapanga KI-PYA, KI-ME-POTE-A, na kijani ikapita kutoka mwanzo hadi mwisho kama uzi mmoja kwenye shanga. Yule mtoto niliyemsahihisha mara mia alijisahihisha kwa macho, mdomo wangu ukiwa umefungwa. Wazazi wenzangu, kufunga mdomo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Kesho yake alitaka kujua KI hugeuka CH lini. Akakusanya chumba, chakula, chetu, chote, akasema: inagonga vokali. Sawa. Halafu akakutana na kioo. Halafu kiumbe, kiongozi. Nikaona uso unaanza kuanguka, nikachukua bahasha, nikaandika juu yake WAKAIDI. Neno lisilotii linaingia humo, halafu mara mojamoja tunalitoa kulihoji. Hiyo bahasha imetuokoa na machozi mengi. Safi yumo, kwa sababu unasema kiatu safi, viatu safi, miti safi, hakubali kuvaa rangi ya mtu yeyote. Ghali yumo, rahisi yumo, hodari yumo.

Kuhusu ngeli zenyewe kuna mkanganyiko ambao lazima niuguse. Watoto wetu shuleni huzijua kwa upatanisho: A-WA, KI-VI, U-I, LI-YA, U-ZI, I-ZI na wenzao. Wengine wetu, hasa waliosomea Tanzania zamani, walizijua kwa vichwa vya nomino: M-WA, M-MI, KI-VI, JI-MA, N-N. Na tangu karne ya 19 Mjerumani Wilhelm Bleek, yule yule aliyeanza kuziita lugha zetu za Kibantu, alizipanga kwa namba. Mzazi anamwambia mtoto hivi, mwalimu vile, mtoto anaona watu wazima wanabishana. Kadi ilinisaidia hapa kwa sababu inaonyesha vyote viwili. Kifaru ana kichwa cha kijani, KI. Binti yangu akaendelea na kijani, kimelala. Nikamuuliza swali moja: "Anapumua?" Akafikiri. "Anapumua." Akatoa kijani, akaweka A nyekundu. Kifaru amelala. Kichwa ni cha huku, mwendo ni wa kule. Kiboko, kijana, kipofu, wote hivyo hivyo.

Sisi wa pwani tuna neno tamu la kuonyesha jambo hili. Mbuzi. Kuna mbuzi wa kuchinja, na kuna mbuzi ya kukunia nazi, ile unayoikalia, yenye meno mbele. Niliileta sebuleni, nikaiweka kando ya meza, nikampangia binti yangu sentensi mbili ambazo zinatofautiana kadi moja tu. MBUZI A-ME-VUNJIKA MGUU. MBUZI I-ME-VUNJIKA MGUU. Ya kwanza tunamwita daktari wa mifugo, ya pili tunamwita seremala. Kadi moja, tena ndogo kuliko ukucha wangu. Sijui maelezo ya kurasa ngapi yangefanya kazi hiyo.

Lakini kuna aliyenishinda: rafiki. Binti yangu akapanga, kwa haki kabisa, rafiki wangu amekuja, nyekundu mwanzo hadi mwisho. Rafiki anapumua! Nikamwambia hapana, ni rafiki yangu amekuja. Manjano hapa, nyekundu pale. Akanikazia macho kama nimemwibia. Ilibidi tumtie rafiki kwenye bahasha, na baada yake wakaingia dada yangu, kaka yangu, jirani yangu, baba yangu. Mbwa wangu, ng'ombe wangu, lakini dada yangu. Siku kadhaa baadaye akaimwaga bahasha mezani, akasema, "Mama, hawa wote ni watu wa kwetu." Nikasema, ehe. "Lakini adui yangu je? Adui si wa kwetu." Baba yake, ambaye kwa kawaida hatii neno, akasema nyuma ya gazeti: "Kikulacho ki nguoni mwako."

Na hiyo methali ikawa kazi ya jioni tatu. Nawaomba mnipe dakika zangu zote zilizobaki niifumue hapa.

Kikulacho. KI ya kijani mwanzo. Kijani ya nani? Hakuna nomino! Hii ilimsumbua. Nikakata kadi ya kijani isiyo na maandishi, nikaiweka mbele: kuna kitu hapa hakikutajwa, jina lake limefichwa, rangi yake imebaki. Mdudu wa nguoni, pengine, au kitu chochote kiumacho. Kisha KU. Binti yangu akasema ni KU ya kula, kama ninakula. Nikamwambia aitoe tuone. KI-LA-CHO. Kinachokula. Kinakula nini? Chochote, ugali. Akairudisha. KI-KU-LA-CHO. Kinachokula wewe. Nilimwona ananyamaza, akajishika mkono. Kumbe KU hiyo ni yeye! Kisha CHO, kijani tena, inayofunga mlango na kusema "ambacho". Kisha lile ki linalosimama peke yake, neno zima la herufi mbili, maana yake kiko. Kisha NGUO na NI. Kisha MW-AKO, na kwa nini MW wakati nguo ni I-ZI? Kwa sababu ile NI imeichukua nguo na kuigeuza kuwa mahali, tena mahali pa ndani, ndiyo MU. Hatusemi nguoni yako. Hapo nikafungua kabati, nikaweka kadi ndani yake: kabatini mna kadi. Nikaiweka juu ya stuli: kwenye stuli pana kadi. PAKUMU, ngeli ya mahali, haitaki manila, inataka samani.

Kijani mara nne, ukihesabu ile tupu. Maneno manne tu. Binti yangu alikuwa ameikariri methali hiyo shuleni tangu gredi ya tatu na alidhani kikulacho ni aina ya chakula.

KU ile iliyokuwa yeye ilifungua kesi nyingine. Zipo KU nyingi, na kwa sauti zote ni moja. Ipo ya kusoma na kucheza. Ipo ya kukana wakati uliopita: nilisoma, sikusoma. Ipo ya wewe. Nikazipa rangi tofauti, ya kukana kijivu, ya wewe chungwa. Na hapo, kama kuna mzazi atakayekumbuka jambo moja tu la leo, akumbuke neno hili: hakukukuta. Alikuja mgeni, hakukukuta. Lisemeni. Tena polepole. Ukilisema haraka unasikika kama njiwa. Ukiliweka mezani, HA, KU ya kijivu, KU ya chungwa, KUT, A, linatulia. Mtoto wa miaka tisa analifumua na kulishona tena, na wakubwa waliokuja kwangu kupimwa suti wameshindwa.

Kukanusha ni mahali ambapo mikono inafundisha kuliko maneno. NI-NA-SOM-A. Ili kukana, NI inatoka, SI inaingia. NA inaondoka mezani kabisa, hairudi. Na ile A ya mwisho inageuzwa, nyuma yake kuna I. SI-SOM-I. Mambo matatu kwa wakati mmoja, na vidole vinayakumbuka. Ndiyo maana nakata A ya mwisho peke yake. Halafu njoo kwa fikiri. Mkono unatafuta A ya kugeuza, haipo. Limetoka Uarabuni, lina mkia wake. Ninafikiri, sifikiri. Na kula? Watoto wengi hapa husema "sikuli". KU ya kula imewekwa pale katika ninakula ili kubeba mkazo tu, maana LA peke yake ni fupi mno. Kwenye kukana haina kazi, inaondoka pamoja na NA. Sili. Binti yangu alisema sili ni neno la kikongwe. Nikamwambia basi na ale.

Moja la haraka, maana mwenyekiti ananitazama. Kadi ya kutendea ina I upande mmoja na E upande wa pili. Nilimpa vitenzi vitano vya kazi yangu: kata, pima, fuma, shona, peleka. Nikamwambia aniambie wa kumkatia, kumpimia, kumfumia, kumshonea na kumpelekea. Hakuna maelezo. Alipofika kwenye shona aligeuza kadi bila kufikiri, kisha akajishtukia. "Kwa nini nimegeuza?" Tulitafuta vitenzi vingine kama ishirini, tukavigawa vikapu viwili, na yeye ndiye aliyesema: wenye O na E wanataka E, wenye A, I na U wanataka I. Aliandika hilo ukutani kwa kalamu. Ukuta wa mwenye nyumba, ndiyo.

Makosa yangu nayo myachukue. Usiku wa kwanza kabisa nilimwaga kadi kama sitini mezani, mtoto akalia. Anzeni na kumi na mbili, ngeli moja au mbili, dakika kumi na tano kabla ya taarifa ya habari, na mkiona anapiga miayo fungeni kopo la kadi. Niliwahi pia kuzifanya mtihani, nikishika saa; wiki mbili hakutaka kuziona. Na mwenye mtoto mdogo awe macho. Wangu wa mwisho, miaka mitatu, alitafuna kadi ya JI, ile ya kujiona na kujipenda. Dada yake akaja mbio: "Mama, JI imeliwa!" Kisha akasimama mlangoni, akaongeza, "Haikujila." Nilijua siku hiyo kwamba tunakwenda vizuri.

Je, ameacha "kitabu yangu"? Hajaacha. Kwenye basi na wenzake bado nasikia. Akipanda ngazi za kwetu inabadilika, mara nyingine katikati ya sentensi. Nyanya yake upande wa baba, anayezungumza Kikuyu, alipoziona kadi za M-TI na MI-TI alisema kumbe ni mũtĩ na mĩtĩ, akaketi, akaanza kutengeneza zake. Kwa hiyo mwenye mama au mama mkwe nyumbani anayezungumza lugha ya Kibantu, mwiteni mezani. Wenzetu Wajaluo, lugha yenu haina ngeli, lakini mna macho, na rangi ni rangi.

Kadi ziko pale kwenye meza ya nyuma, karibu na birika. Nimeleta mikasi mitatu na manila. Tafadhali kadi za chungwa mzirudishe, zimebaki nne tu. Na yule baba wa madirishani aliyekuwa akicheka, nimemwekea HA, KU, KU, KUT na A zikiwa zimechanganywa. Karibu.